Mama Si Kioo

Mheshimiwa Mganga Mkuu, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa viongozi wa dini, mliokubali kukaa safu moja bila kugombea nani afungue kwa sala. Madaktari na wauguzi. Dada yetu wa mapokezi, unayezijua siri zetu zote kwa kuwa hutaki tuzinong'one bali tuzitaje kwa sauti mbele ya dirisha lako. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mama mkwe wangu, uliyeketi hapo mbele na mkoba magotini, ambaye nimekuahidi kwamba sitasema yote: amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yenu.

Mimi shule sikuiendea mbali. Nilipoambiwa nizungumze katika ufunguzi wa chumba hiki cha mazoezi ya mifupa, nilimuuliza mume wangu kwa nini wasitafute mtu mwenye vyeti. Akanijibu kwamba wenye vyeti wako wengi, lakini wenye Mama ni sisi peke yetu. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu aliyeona kwamba mmoja anatosha.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni familia ya mafundi vioo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikata vioo maisha yake yote, na wanawe wawili wameishika kazi: mume wangu, na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mji mzima unamwita Taratibu kwa kuwa neno hilo analitaja kuliko anavyolitaja jina la Muumba wake, nami namwombea. Vioo hivi vikubwa mnavyoviona ukutani ni kazi ya mikono yao. Mtu aliyekulia kwenye duka la vioo ana tabia zake. Harudi kinyumenyume. Habamizi mlango. Akipita koridoni hutangaza, "Kioo kinapita," hata akiwa amebeba birika la chai. Na wote wanajua sheria walizoachiwa na baba yao: kioo hakilazwi, huegemezwa wima, pembeni huwekwa sponji, hubebwa na watu wawili, na hakiwekewi kitu juu yake.

Sasa, mwaka jana Mama aliteleza jikoni. Hakuanguka kutoka juu ya mti, ndugu zangu, wala hakugongwa na gari. Kizulia cha mbele ya jiko kilikuwa kimejikunja, akakikanyaga, akaweka mkono chini kujizuia, na kifundo cha mkono kikavunjika kama biskuti. Yeye alisema kimeteguka tu, akaendelea kukoroga sufuria kwa mkono mwingine, na njiani kwenda hospitali alikuwa anauliza kama jiko limezimwa.

Akapigwa picha, akapimwa uzito wa mifupa. Tukaambiwa mifupa yake imepungua kwa miaka mingi, kimyakimya, bila maumivu, na ndani imebaki matundu matundu kama mkate. Daktari aliyetuhudumia alikuwa kijana mpole, na wala simlaumu. Alituangalia kwa huruma akasema, "Kuanzia leo mama yenu mchukulieni kama kioo."

Waheshimiwa, maneno hayo angeambiwa mwashi au mshona viatu, yangekuwa ushauri. Sisi tuliyapokea kama oda.

Tulipofika nyumbani tu, shemeji alikwenda dukani akarudi na sponji, blanketi za kufungia, na glavu zake za kazi. Kila kona ya meza ikavishwa. Mama akawekwa kwenye kiti karibu na dirisha, ameegemezwa wima, mto kushoto, mto kulia, blanketi juu. Akitaka kwenda msalani walikuja wawili, mmoja huku mmoja kule, wakamwinua kwa pamoja, na wakishika korido mmoja anatangaza, "Kioo kinapita." Siku moja jirani tunayesali naye alikuja kumjulia hali, akasikia tangazo hilo, akajibana ukutani kwa adabu akisubiri kioo kipite. Akauliza, kiko wapi? Sauti ikatoka ndani ya blanketi: "Ndiye mimi."

Tulicheka? Tulicheka. Lakini je, mnadhani mwenyewe alikuwa anacheka?

Maana katikati ya hayo wifi yangu, kitinda mimba wa Mama, alijifungua mtoto wa kike na kumpa jina la mama yake. Mama alikuwa ameusubiri ujauzito ule kuliko mwenye mimba. Familia ikakaa kikao: nani atampakatisha Mama mtoto? Shemeji akakumbusha sheria ya marehemu, kwamba kioo hakiwekewi kitu juu yake. Basi mtoto akawa analetwa mpaka mlangoni, anainuliwa juu, Mama anaonyeshwa kama mteja anavyoonyeshwa bidhaa asiyo na uwezo nayo, kisha anarudishwa.

Mama hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mnamjua. Asubuhi moja nikimchana nywele aliniambia taratibu sana: "Mwanangu, nimezaa watatu, nimewabeba mgongoni nikichota maji. Leo nimekuwa pambo la kabatini." Na miguu, ndugu zangu, ilikuwa imekwisha kuwa myembamba. Akisimama kusali alitetemeka, akawa anamwomba Mungu akiwa amekaa, naye hakuwahi kumwomba Mungu akiwa amekaa.

Nililipeleka hilo hapahapa, na hapahapa tukapewa huyu dada wa mazoezi, aliyesimama kule nyuma akijifanya si yeye anayesemwa. Mama anamwita Askari. Siku ya kwanza aliingia sebuleni, akamkuta mgonjwa kati ya mito, akauliza nani amemfunga huyu mama kama mzigo wa kusafirishwa. Mume wangu akajibu kwamba ni yeye, na akaongeza, kwa fahari kidogo, kwamba hata barabara mbovu isingemfanya kitu.

Askari akaondoa mto mmoja, akaondoa wa pili, akasema maneno ambayo nimeomba yaandikwe juu ya mlango wa chumba hiki: "Mama si kioo. Kioo ukikipa kazi kinavunjika. Mfupa ukiunyima kazi ndio unavunjika."

Kisha akatueleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Ujanani ujenzi unashinda. Umri ukienda, na kwetu wanawake hasa hedhi ikikoma, ubomoaji unashinda. Kwa hiyo unaulisha maziwa, mboga za majani, maharage, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, unautembeza, na unautoa juani. Mume wangu akasema jua Mama analipata, si yuko dirishani? Akaambiwa jua linalopita kwenye kioo haliusaidii mwili kutengeneza ile vitamini ya mifupa. Mafundi wangu waliumia. Walisema kioo chao ni kisafi. Walikwenda kukifuta tena.

Akapewa na dawa ya kumeza kila wiki, na sharti lake ni kwamba ukishaimeza ukae wima, usijilaze kwa muda. Shemeji alipolisikia hilo uso ukamng'aa, akasema mnaona, hata dawa inajua Mama halazwi.

Mwisho Askari akamgeukia mgonjwa na kumuuliza swali ambalo katika nyumba nzima hakuna aliyelifikiria: yeye mwenyewe anataka nini? Mama akajibu, "Nataka kumbeba mjukuu wangu."

Basi kazi ikaanza. Kwanza kukaa na kuinuka kitini bila mkono wa mtu. Kisha kusimama kwa mguu mmoja ameshika sinki. Kisha, kifundo kilipopona, mfuko mdogo wa mchele uliofungwa ndani ya shali ya mtoto, mgongo ukiwa umenyooka, kifuani. Mama akautembeza mchele ule sebuleni, akaubembeleza, akauimbia. Jirani yule yule akachungulia dirishani, akaingia na kumpongeza wifi kwa kupata mapacha.

Shida ilikuwa moja. Mtoto naye hakusubiri. Ananyonya, ananenepa. Kila Askari akiruhusu kuongeza mchele, mtoto naye ameshaongeza mashavu. Mama akawa anamtazama wifi akinyonyesha na kumwambia ampunguzie kidogo, amngojee bibi yake.

Na wanaume msikae mkidhani haya ni ya akina mama. Shemeji yangu alisema hivyo, sigara mdomoni. Askari akamwambia naye apande kwenye kipimo, na majibu yake sitayasema mbele ya watu, ila tangu siku ile sigara hatujaiona, na kila asubuhi anatembea na Mama. Mama yuko mbele. Anayeita "taratibu, taratibu" nyuma ni shemeji, na safari hii anaomba kweli.

Enyi vijana mliosimama mlangoni mkidhani mmekuja kusindikiza wazee: mifupa mtakayotembelea uzeeni mnaijenga sasa, kwa mnachokula na mnavyojituma, si kwa soda na kulala na simu. Enyi watoto wa wazee: leo mkirudi nyumbani ondoeni vizulia vinavyojikunja, wekeni taa njia ya msalani, tupeni ndala zilizokatika. Ondoeni kinachomwangusha mzee, msimwondoe mzee. Na mzee akianza kufupika au kupinda mgongo, msiseme ni umri tu, mleteni apimwe.

Ndugu zangu, nimebakiza jambo moja. Wiki iliyopita Askari alitoa ruhusa. Mtoto alikuwepo, mikono ya wifi ilikuwa tayari. Mama akakataa. Akasema aliwekwa kabatini mbele ya watu, basi na kutolewa atolewe mbele ya watu, tena penye vioo, ajione mwenyewe. Kwa hiyo Mheshimiwa mgeni rasmi, nakuomba uushike mkasi lakini usikate bado. Bibi atambeba mjukuu wake kutoka kwenye kiti kile mpaka kwenye utepe, Askari akiwa pembeni.

Mume wangu, naomba ukae. Shemeji, nawe kaa, na uvue hizo glavu, nimeziona.

Wifi, mpe mama yako mtoto.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awalinde mpaka kwenye uboho. Sasa nipisheni, nami nimpishe. Tupeni njia, jamani: bibi anapita.