Majani Yaliyosifiwa Redioni

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja alimtambua jirani yake wa kiti kwa sauti yake. Ndiye mtafiti aliyesifu majani ya dawa redioni.

"Ulisema yanatuliza maumivu," alimkaripia. "Mume wangu kayanywa kwa ajili ya mgongo. Leo anapasuliwa, utumbo umeziba!"

"Pole, mama. Tuliyajaribu kwa panya tu. Maumivu yalipungua kweli."

"Na matumbo yao?"

"Walifunga choo kidogo. Redioni muda uliniishia."

"Wa kusifu ukatosha, wa kuonya ukaisha?"

Abiria tukajifanya tunatazama nje. Basi likasimama hospitalini, mama akashuka. Mtafiti, aliyekuwa anakwenda mbali zaidi, akainuka, akashuka nyuma yake.

"Usinifuate!" mama alifoka, mlango ukafungwa.