Hippolyte Courtegrange, Mwenye Benki Aliyetuletea Daraja

Ifikapo tarehe 30 Septemba 1889, baada ya miaka kumi na minane bungeni, na mingine ishirini na miwili kabla ya hapo akiwa mwenye benki ya mji wetu wa Vernouillac, Bwana Hippolyte Courtegrange anastaafu. Wale waliosema hatadumu hata msimu mmoja wamepangiwa meza za mbele katika karamu hii ya kumuaga, karibu na bata bukini wa kuokwa, wapate kula kwa aibu.

Mimi, karani wa manispaa, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu, na kwa kuwa aliwahi kuitoboa kofia yangu kwa risasi nikiwa nimeivaa. Nitafika huko.

Enzi za benki alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwomba mkopo alikutazama juu ya miwani, akasema, "Tutaona," nawe ukajua hutaona kitu. Inasemekana hata padri alipomuuliza kanisani kama anamkubali Bibi Léocadie awe mkewe, alianza, "Tuta...", bibi harusi akamkanyaga mguu.

Siasa ilimkuta majini. Majira ya baridi ya mwaka 1871, siku ya soko, kivuko kilipinduka katika mto Dordogne, yeye akiwemo, pamoja na akina mama wa sokoni na bata bukini wao. Bata waliogelea. Bwana Courtegrange, asiyejua kuogelea, alivutwa ukosi na Mama Fantille, muuza kokwa za jozi, hadi ukingoni. Alisimama kwenye tope akitetemeka, akapiga kelele: "Daraja! Tunataka daraja, jamani, tutakwisha!" Hakuna aliyewahi kumsikia akisema mengi kiasi hicho kwa pumzi moja. Watu wakashangilia, na uchaguzi ulipofika wakampeleka bungeni.

Huko mambo yakaharibika. Siku ya hoja yake, waziri alimuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, ungependa daraja hili lianze mwaka huu?" Mazoea yana tabu. Akajibu, "Tutaona." Bunge zima likaangua kicheko, na hoja ikaahirishwa.

Bwana Évariste Pommerol, mhariri wa gazeti letu na mtu mwenye ulimi wa pilipili, aliandika kwamba mwenye benki wetu amezoea kunyima hadi amejinyima mwenyewe. Mji ukacheka. Ila kabla kicheko hakijaisha, kivuko kilipinduka tena, na safari hii Mama Fantille hakutoka.

Bwana Courtegrange hakuweza kuvumilia kuchekwa baada ya msiba ule. Akampelekea Pommerol mwito wa kupigana kwa bastola, nami nikateuliwa kuwa msimamizi wake. Tulikutana alfajiri uwandani, nyuma ya kinu cha kusagia nafaka. Alikataa kuvaa miwani, eti shujaa havai miwani. Akafyatua. Kofia yangu, nikiwa nimesimama pembeni kabisa, ikaruka.

Pommerol akashusha bastola yake. "Sasa huyu nimpige vipi? Msimamizi wake yuko hatarini kuliko mimi!"

Hapo Bibi Léocadie akatokea, sketi kaikunja mkononi kwa ajili ya umande. "Hamna haya, watu wazima nyinyi? Fantille yuko kaburini, nanyi mnatoboa kofia za watu! Wewe Évariste una maneno. Wewe Hippolyte una kiti bungeni. Kaeni chini muandike!"

Wakakaa. Tangu asubuhi ile Pommerol aliandika hotuba na Courtegrange akazisoma, kwanza uani mbele ya bata bukini, kisha mbele ya mawaziri. Alituambia bata walikuwa wasikivu zaidi. Hoja ilikataliwa mwaka baada ya mwaka, naye akairudisha kila mara, mpaka wabunge wakaipitisha, nadhani kwa kuchoka kumwona. Daraja lilifunguliwa mwaka 1878. Alikataa katakata liitwe kwa jina lake; linaitwa Daraja la Fantille. Waziri aliyekuja kukata utepe alidhani Fantille ni mtakatifu, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Hatukumsahihisha.

Mwezi Machi mwaka huu tulimzika Pommerol. Kwa hiyo hotuba ya Bwana Courtegrange ya kuaga leo haikuwa na wa kuiandika. Nilijitolea, Bwana Courtegrange akanishika bega: "Acha tu, ndugu yangu. Évariste angenicheka akinisikia nasoma maneno ya mtu mwingine."

Bwana Courtegrange, ahsante kwa yote. Siku zako zilizobaki ziwe za supu ya moto, usingizi mzito na Bibi Léocadie mwenye hasira chache.

Nanyi wageni waalikwa, atasimama bila karatasi. Akinyamaza katikati, tafadhali msipige makofi. Atakuwa hajamaliza, anatafuta neno.