Mashapo ya Dawa ya Anselmo

Ko, ko, ko, ko! Kitanda cha mtoto kinagonga ukuta, saa nane usiku, nikajua kabla sijawasha taa, degedege limerudi, mara ya tatu mwezi huu, na baba yake Ladislaus yuko kazini zamu ya usiku kule Jordbro, na dawa nimempa, kijiko asubuhi, kijiko jioni, sijakosa hata siku moja! Kulipokucha nikambeba Anselmo mgongoni, chupa mkobani, nikaenda kwenye benchi la stesheni ya treni ya Bredäng, hapa ugenini, maana Jumamosi ndipo wenzetu wa nyumbani wanapokunywa kahawa: Obiero tunayemwita Redio, Gaudiosa tunayemwita Kamati, na Severin tunayemwita Unga, kwa kuwa anasaga dawa kiwandani na hurudi mweupe mpaka kope. Nikawaambia mtoto ana kikohozi, dawa haimsaidii. Degedege sikulitaja.

— Dawa za hapa ni za watu wa damu baridi, Redio akasema. Damu yetu inachemka, dawa inaungua njiani.

— Hebu nyamaza! Ni maziwa, Kamati akasema. Mtoto anakunywa maziwa mpaka tumbo linaota utando. Dawa inateleza tu.

— Au inaona theluji dirishani, inagoma kutoka kijikoni! Redio akadakia.

— Nyie, Unga akasema polepole. Kuna dawa hazitaki maji. Sukari inayeyuka, mchanga hauyeyuki. Hizo ni kama mchanga. Isipoyeyuka tumboni inapita kama abiria aliyelala, haishuki kituo chake.

— Sasa nyie huko kiwandani mnafanyaje? Kamati akauliza.

— Tunaisaga iwe laini kuliko poda ya uso, maji yaishike kila upande. Nyingine wanaiyeyusha motoni pamoja na kitu kinachopenda maji, ikiganda tunaisaga tena, hapo inakubali. Ya watoto unga wake unaelea kwenye sharubati nzito.

— Kumbe bwana mkubwa ni mtwanga kisamvu! Redio akasema, wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo.

Kahawa ya Kamati ni ya kuchemsha, haichujwi. Redio akainua chupa ya chai iliyokuwa na kahawa hiyo kumimina kikombe cha mwisho, akaanza kuitikisa.

— Usitikise! nikamkemea. Acha mashapo yatulie, mimina ya juu. Mimi hata dawa ya mtoto siitikisi.

Unga akaweka kikombe chini.

— Umesemaje, mama Anselmo?

— Kwetu maji ya mto tunayaacha yatulie, uchafu unakaa chini. Na dawa ndivyo hivyo hivyo, namimina ile safi.

— Nipe hiyo chupa ya dawa.

Akaiinua kwenye mwanga, akasoma maandishi yake. Juu maji mekundu, chini kitu cheupe, kizito kama uji.

— Huo si uchafu. Ndiyo dawa yenyewe, isipotikiswa inazama. Na hii si ya kikohozi, dada yangu.

Nikalia pale pale, nikayasema yote, kitanda, ukuta, povu. Kamati akamchukua Anselmo mgongoni pangu.

— Basi naitikisa sasa hivi nampa! nikasema.

— Hapana! Ya juu umeshaimaliza, iliyobaki imejaa dawa, itamzidi, Unga akanizuia.

Redio akaonja mashapo ya kahawa yake, akatema.

— Chungu, akasema, bila mzaha.

— Mpigie nesi wa kliniki, mweleze kila kitu, Unga akasema.

— Watu wa ustawi wa jamii watamchukua mwanangu! Wataandika mama hajui kulea!

— Mweleze.

— Chupa mbili za kwanza mashapo yote niliyamwaga kwenye sinki. Basi miezi miwili hii mwanangu alikuwa anakunywa nini?

 

Kamati akanishika mkono mpaka kwenye kibanda cha simu. Nesi hakugomba. Akauliza imebaki kiasi gani, akasema usimpe tena, njoo sasa hivi, wewe, mtoto na chupa. Unga akaishika chupa wima kwa mikono miwili, kama amebeba yai, tukashuka wote kungoja treni.

— Redio, nikamwambia, wenzetu wakisikia kifafa hakuna atakayemwacha mwanawe acheze na Anselmo.

Redio akavua kofia, na baridi ile.

— Mama Anselmo, mimi nimetangaza mengi pale kwenye benchi. Hili limeishia kwa nesi. Simwambii mtu mwingine.