Maman Eulalie, Aliyenitoa Chumba cha Dawa za Kansa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Maman Eulalie Nabintu anastaafu uuguzi hapa hospitalini kwetu Bukavu. Wasifu wake nimepewa niuandike mimi, Carine, niliyemwonea wivu kuliko wote.

Alianzia wodi ya upasuaji, kisha akawa wa kwanza kwetu kufundishwa kuchanganya dawa za kansa. Wagonjwa kutoka vijiji vya Walungu walimletea maparachichi. Mimi walinipa asante tupu. Nikatamani nafasi yake, nikapata nusu yake: mwaka 2014 nikawa msaidizi wake.

Mwaka uliofuata nikapata mimba. Nilipomwambia ina wiki saba, akanitoa siku ileile.

"Carine, kuanzia leo usiingie tena mule. Enda ku réception."

Nikalalamika kwa kila mtu: "Maman Eulalie iko na wivu. Anaogopa nitamupita!"

Maneno yakamfikia. Akaniita, akanieleza bila hasira. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana hupiga uvimbe. Lakini mimba changa nayo ni seli zinazogawanyika bila kupumzika. Wiki zile ndipo moyo, mikono na uso huundwa. Dawa haibagui. Hata anayeichanganya aweza kuivuta puani au kuipata kwenye ngozi, na glovu zetu hazikutosha.

"Nilipoteza mimba mbili nikitumika mu kile chumba," akasema. "Dokta hakuweza kujua kama ni dawa. Sitaki na weye ubakie na ile swali." Akatazama tumbo langu. "Na wivu, ndiyo, niko nayo. Lakini si ya kazi."

Nikaenda mapokezi hadi nilipojifungua. Mwanangu Destin sasa ana miaka kumi.

Maman Eulalie hakunyamaza hadi tukapata glovu nene, kabati la kuchanganyia lenye kufyonza hewa, na sheria kwamba kila mwanamke anayeweza kushika mimba apimwe mimba kabla ya kupewa dawa. Mama mmoja wa miaka hamsini alipimwa, akacheka hadi akashika mbavu.

Jana nilimpokea mgonjwa wa kansa peke yangu. Akachungulia nyuma yangu: "Na Maman Eulalie iko wapi?" Wivu ukaniuma upya.

Maman, asante kwa kunifukuza. Nenda nyumbani Kasha kwa mumeo, Papa Constantin, ulale hadi uchoke kulala. Siku zako zote ziwe njema.