Waliotoka Misani Wakanibeba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa Louisville! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Neema, nimetoka Columbus. Kazi yangu ni kupakia mizigo kule Gahanna, na nimeomba ruhusa nije niseme jambo hili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi ni Mrundi. Nilikulia kambini Tanzania, na huko ndiko nilikobatizwa Mlutheri. Kambini tulikuwa wengi, tuna kwaya, tuna ngoma! Niliporudi Burundi na mume wangu, nikakuta kilima kizima ni Wakatoliki. Walutheri tulikuwa kaya chache tu, tunasali sebuleni kwangu. Watu wakipita wanacheka: "Hiyo ni ibada au kikao cha ukoo?"

Aliyeumia zaidi ni kaka yangu Leonidas, katekista wa Wakatoliki pale kilimani. Aliniambia, "Umeiacha dini ya mama yetu." Tangu hapo hakukanyaga tena mlangoni kwangu.

Sasa, kwetu milimani gari halifiki. Mgonjwa hubebwa kwa machela, mabegani mwa wanaume, na wabebaji hao wana chama chao. Chama kilikuwa kikikutana baada ya misa, kwa hiyo mume wangu hakuwamo. Hakuna aliyetufukuza. Tulikuwa tu hatumo.

Jumapili moja, mume wangu akiwa safarini, uchungu ukanishika katikati ya ibada. Mkunga akanipapasa, uso ukambadilika. "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi!" Hospitali iko ng'ambo ya bonde. Pale sebuleni walikuwepo wanawake na mzee mmoja mwenye goti bovu. Nani anibebe? Wakaanza kuomba. Mimi hata amina ilinishinda. Nikasema moyoni: Bwana, umenileta kwenye kanisa dogo ili nife?

Ndipo Mama Ester, muumini mwenzetu, akakaza kanga kiunoni. "Nyie endeleeni kuomba. Mimi naenda misani."

Akaenda! Mlutheri, miguu mitupu, akapita katikati ya watu hadi mbele! Akamwambia kaka yangu kila mtu akisikia, "Dada yako anakufa." Padre akashusha mikono yake. "Wanaume, nendeni," akasema. "Misa tutaimaliza sisi."

Ndugu zangu, nilisikia miguu. Miguu mingi! Kaka akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka wangu. "Dada, shika shingo yangu." Akaniweka kwenye machela, akaubeba mti wa mbele, na akakataa kupokewa mpaka tulipofika. Wanaume wanasali Salamu Maria, wanawake wetu nyuma wanaimba nyimbo zetu, mimi katikati yao nalia. Haleluya! Nilipasuliwa siku ileile. Neema akatoka mzima, na mimi nikaamka mzima.

Mume wangu aliporudi, akapokelewa chamani. Wakatoliki wakambeba yule mzee wetu alipougua, na mume wangu akawabeba wagonjwa wao. Sisi tulibaki wachache, ndiyo. Lakini hatukuwa peke yetu tena.

Machafuko yakatutawanya. Mimi Mungu akanifikisha Columbus, kaka akamfikisha Buffalo. Yeye bado Mkatoliki, mimi bado Mlutheri, na jana aliendesha gari njia nzima kuja kunisikiliza. Kaka Leonidas, simama wakuone!

Mnamwona? Ananiambia, "Maliza, dada, usinilize mbele za watu."

Basi namaliza. Ndugu yangu, kama hapa ugenini wewe ni mchache, kazini hakuna wa lugha yako, mtaani hakuna wa imani yako, usifunge mlango ukafa kimya. Omba, halafu umtume mtu akaseme! Mungu ninayemshukuru leo ana watu hata kule usikosali. Mtumaini. Na kama huna wa kukubeba, usiondoke hapa kabla hujatushika mkono, mimi na kaka yangu.