Mwalimu Aliyekaa Mlangoni mwa Vyoo

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika kutufuta machozi, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa marehemu hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tutasoma pia lile ambalo mwenyewe aliliita kosa lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili wa fundi seremala, alianza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza sekondari mwaka 1977, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1979, na Januari 1980 akapangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, ambayo hakuihama hadi anastaafu. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani, shemeji yetu mliyemwona hapo mbele, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne.

Mwezi Juni 1991, binti mmoja wa darasa la sita alimnong'oneza kuwa wenzake watatu humvizia vyooni wakati wa mapumziko, humloweshea madaftari na kumcheka kwa kuvaa viatu vya baba yake, naye marehemu, kwa nia njema kabisa, kesho yake alimsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, akamtaka awataje, binti akawanyooshea kidole, wakachapwa, na marehemu akarudi nyumbani kifua mbele. Siku ya nane binti huyo alikutwa amefungiwa chooni tangu mapumziko ya saa nne na nusu hadi kengele ya kwenda nyumbani, mama yake akamchukua, wakahama, na barua nne ambazo marehemu aliwaandikia zilirudi bila kufunguliwa.

Tangu hapo, kila mapumziko, mvua jua, alibeba kigoda chake akakaa mlangoni mwa vyoo, walimu wenzake wakambandika jina la Mzee wa Vyooni, mkewe akamtania kuwa yeye aliolewa na mwalimu lakini wanaomfaidi ni wenye haja, naye akacheka nao. Kila mwalimu mgeni alimweka kitako, akamsihi asimuulize mtoto mbele ya wenzake, amuulize faraghani, tena na tena, na asinywe chai ofisini huku watoto wako peke yao. Wengi waliitikia, kisha wakarudi kwenye chai, na inatuuma kulisema hili mbele yao.

Alistaafu Machi 2019 lakini kigoda hakikustaafu, akaenda kila siku ya shule hadi tarehe 6 Februari 2023, alipopatwa na kiharusi kilichochukua upande wa kulia na ulimi wake. Wodini, kila ilipofika saa nne na nusu, aliikodolea macho saa ya ukutani, akahangaika kushuka kitandani, tukadhani ni kiu, tukampa maji, tukadhani ni mto, tukaugeuza, na wiki ya tatu ndipo mkewe alipong'amua, akapiga simu shuleni, akajibiwa kwa upole kuwa walimu ni wachache na hakuna wa kukaa pale. Tulimdanganya kuwa amepatikana mtu, akatutazama mmoja mmoja, akageukia ukuta. Alifariki Jumapili tarehe 21 Mei 2023, akiwa na miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi mitatu na zaidi, majirani waliotupikia na kulala nasi, na walimu wenzake, ambao hatuwalaumu, maana hata sisi nduguze hatukuwahi kwenda kumpokea kigoda hicho hata siku moja.

Kaka, jana tulipita shuleni kuchukua vitu vyako, tukakuta ni mapumziko, kigoda kiko palepale, hakuna aliyekikalia, na watoto wanaingia na kutoka. Leo hatuna uwongo mwingine wa kukupa. Lala, kaka, amani tuliyoshindwa kukupa wodini uipate huko uendako.