Feza Iliyojifunza Kunyamaza: Miaka Thelathini na Minne ya Mama Wilhelmina

Tarehe 31 Julai mwaka huu, saa kumi jioni, Mama Wilhelmina Mayala atarudisha koti lake la bluu stoo na kutoka kwenye geti la kiwanda chetu cha nyavu hapa Nyakato akiwa mstaafu. Atakuwa ametumika miaka thelathini na minne na miezi mitano. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili iliyochelewa ni meli ya kutoka Ukerewe. Mwandishi wa wasifu huu, Pius Chenge wa stoo, amechelewa mara nyingi zaidi na anaomba hesabu hiyo isifanywe leo. Mimi pia ndiye mpiga besi wa bendi ya kiwanda, na ndiyo sababu nimepewa kazi hii ya kuandika.

Mama Wilhelmina aliingia kiwandani Februari 1991 akitokea Ukerewe na ujuzi wa aina mbili, wote aliorithi kwa baba yake. Baba huyo alikuwa katekista wa kigango, mtu aliyeshona nyavu siku za juma na kupiga gitaa Jumapili. Kwenye fomu ya kuomba kazi binti yake aliandika ujuzi wa nyavu tu, akidhani ule wa pili hauna mahali katika kiwanda. Alipangwa idara ya ukaguzi wa mafundo, na huko ndiko alikobaki hadi akawa mkuu wake.

Wageni wanaotembelea idara hiyo hushangaa kumkuta amefumba macho. Fundo, husema, hulitazami, unaligusa. Mwaka 1998 alizuia mzigo mzima ambao tayari ulikuwa juu ya lori, kwa sababu ya mafundo manne yaliyokuwa yakiteleza. Dereva alimwambia kwamba mafundo manne si kitu kati ya maelfu. Mama alimjibu kwa upole kwamba samaki haulizi asilimia, akaagiza turubai lifunguliwe. Wakaguzi zaidi ya arobaini wamepita mikononi mwake, na karibu wote bado wapo kazini.

Lakini wengi wenu mlio kwenye ukumbi huu mnamfahamu kwa vidole hivyohivyo vikiwa juu ya nyuzi sita. Mwaka 1996 mpiga gitaa wetu wa pili alihamia Dar es Salaam bila kuaga, siku tatu kabla ya harusi tuliyokuwa tumeitwa kupiga Mkuyuni. Mama Wilhelmina aliombwa azibe pengo kwa Jumamosi moja. Jumamosi hiyo imechukua miaka ishirini na tisa.

Sasa nifike kwenye feza, maana bila feza wasifu huu ni nusu. Feza ni kisanduku kidogo cha rangi ya chungwa kinachokaa sakafuni. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja na kutokea mwingine kwenda kwenye spika. Ukikikanyaga, sauti ya gitaa inaanza kuzunguka, inakwenda na kurudi, kama mtu anayeimba huku feni ikipita mbele ya mdomo wake. Kina kitufe kimoja tu cha kuzungusha, nacho ni cha kasi. Mwaka 2003 mwenye kiwanda, Mzee Natvarlal, alikwenda Uingereza kumtembelea kaka yake, na muuza duka wa huko akamwambia kwamba bendi isiyo na kitu hicho haijakamilika. Alitubebea kimoja kwenye begi lake la mkononi, akatukabidhi mbele ya wafanyakazi wote.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa la adabu. Kwetu mtu akikupa kitenge, siku akija kwako humpokei ukiwa umevaa kingine. Mzee Natvarlal hakukosa hafla hata moja ya kiwanda. Basi kila alipokuwepo, feza iliwashwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ili aone zawadi yake inatumika. Mlinzi wa adabu hiyo nilikuwa mimi. Mama Wilhelmina akijaribu kuondoa mguu, nilimpandishia nyusi kutoka upande wa besi, naye akiwa mtu wa heshima alirudisha mguu. Tulifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Matokeo yake mnayakumbuka mliokuwepo. Nyimbo zote zilifanana. Walioanza kucheza walikaa mapema wakishika vichwa. Harusi za Mkuyuni zilianza kuita disko, na hata sherehe zetu wenyewe watu walileta muziki wa simu. Mwaka 2014 Aarti, binti wa Mzee, alipokabidhiwa umeneja, alituita ofisini akasema waziwazi kwamba chumba cha mazoezi kinahitajika kuhifadhia nyuzi. Alisema muziki wetu humfanya ajisikie yuko kwenye boti siku ya mawimbi. Tungepiga kwenye sherehe ya mwaka ya mwezi Desemba, na baada ya hapo bendi ingefungwa. 

Mama Wilhelmina alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mazoezi. Alichukua feza, akaenda nayo nyumbani kwa majuma matatu. Kila jioni baada ya zamu alikiweka kisanduku kile sakafuni, akafumba macho, akakikagua kama fundo. Aliyoyagundua ameyaandika kwenye karatasi ambayo hadi leo imebandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha mazoezi, na naomba niyataje, maana yanamhusu kila mwenye kifaa hicho.

Kwanza, tulikuwa tumeunga waya vibaya. Feza ilikaa nyuma ya kikanyagio chetu kingine, kinachokwaruza sauti, kwa hiyo ilikuwa ikizungusha makwaruzo. Aliihamisha mbele, ikawa ya kwanza baada ya gitaa, na sauti ikalainika papo hapo. Pili, aligundua kwamba feza inataka chakula. Ukiipa noti moja nyembamba haina cha kutafuna, lakini ukiipa kodi pana, yaani noti kadhaa kwa pamoja, nyuzi zote zikilia na sauti kali ya gitaa ikiwa imepandishwa, inashiba na kung'aa. Kasi nayo haipangwi kwa kubahatisha. Alimwita mpiga ngoma wetu, Kija, akatazama mguu wake, akageuza kitufe polepole mpaka mzunguko mmoja wa sauti ukatimia sawasawa na mapigo manne. Kodi ndefu zilitaka mzunguko wa taratibu, na vile vipande vifupi vya juu vikataka wa haraka kidogo, hadi gitaa likawa na mtetemo wa kinanda cha kanisani.

Ila kubwa kuliko yote liko mstari wa mwisho wa karatasi. Ameandika: "Wavu usio na matundu ni shuka." Maana yake feza iwe mahali pamoja tu, na kwingine kote gitaa lilie kavu.

Ikafika Jumamosi ya sherehe, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa kiwanda. Mzee Natvarlal alikaa kiti cha mbele, Aarti kando yake. Wimbo wa kwanza ukaanza, gitaa kavu kabisa. Nilipandisha nyusi. Wa pili, kavu. Nilipandisha nyusi tena na kukohoa. Kufikia wa nne nilikuwa nimehama mahali pangu hadi nikasimama karibu naye, nikamnong'oneza kwamba Mzee anatutazama, na kwa gitaa lake hilo kavu anatuvunjia bendi na kazi kwa pamoja. Alinipuuza kama mama anavyompuuza mtoto anayedai soda kanisani. Nilimkasirikia sana, na niliogopa zaidi.

Wimbo wa mwisho ulifika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezwa. Waimbaji wakanyamaza, Kija akabakiza ngoma moja, mimi nikabaki na noti mbili. Mama Wilhelmina akafumba macho, akakanyaga. Kodi ile pana ilizunguka uwanja mzima mara moja, taratibu, kwa mapigo manne ya Kija, na watu waliokuwa wamekaa wakasimama kabla hawajajua kwa nini. Wapishi walitoka jikoni na miko mkononi. Aarti alivua viatu. Na Mzee Natvarlal, ambaye hatukuwahi kumwona akicheza, aliinuka, akamvuta mlinzi wa getini katikati ya uwanja. Mama alipiga mizunguko minane, akaondoa mguu, wimbo ukaisha kavu.

Mzee alitujia akihema. Aliuliza ni fundi gani hatimaye ametengeneza spika yetu, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiamini imeingia maji, na hakutaka kutuaibisha kwa kusema. Nilipomwonyesha zawadi yake pale chini, alicheka hadi akafuta miwani. Kumbe sisi tulikuwa tukimheshimu, naye alikuwa akituheshimu, na bendi ilikuwa ikifa katikati ya heshima hizo.

Nyuzi za stoo ziko kwenye kontena hadi leo, na chumba cha mazoezi bado ni chetu. Najua, mimi ndiye mwenye ufunguo. Bendi imerudi Mkuyuni, imefika Magu na Sengerema, na mwaka 2017 tulirudi na kikombe cha shindano la bendi za viwanda, ambacho Mama Wilhelmina hutunzia karafuu. Tulishinda, ndugu zangu, na tumeendelea kushinda kwa sababu ya mguu uliojua kusubiri.

Leo Mzee Natvarlal, mwenye miaka tisini na moja, ameomba kiti cha mbele. Ameniagiza nimwambie Mama kwamba anamwomba sana asimheshimu. Gitaa la pili linachukuliwa na Evelina wa idara ya ukaguzi, ambaye Mama amemfundisha kwa mwaka mzima. Feza inabaki kwa Evelina. Mimi nimeahidi mbele ya kamati kutazama besi yangu tu.

Mama Wilhelmina, asante kwa mafundo ambayo hayakuteleza, na asante kwa kutotii nyusi zangu siku ile. Nilikuwa nimekosea, na sijawahi kukuambia. Nenda Ukerewe ukapumzike. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye nafasi. Na ukipata habari kwamba huku kwetu feza imekanyagwa mara mbili katika wimbo mmoja, tafadhali panda meli urudi.